Kifungua Mimba wa Shifu

Vinyozi vya Kongowea, huku Mombasa, havizimi televisheni. Siku za kazi ni mpira na miziki. Jumamosi, kina mama wanapowaleta watoto kunyolewa kabla ya kuingia sokoni, ni katuni. Mwenye kibanda huchomeka flashi, na miongoni mwa zilizomo haikosekani Kung Fu Panda. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2008, kabla wengi wa wateja hao hawajazaliwa, na sauti yake humezwa na mashine ya kunyolea na honi za tuktuk zinazogombania abiria nje, lakini hakuna mtoto anayelalamika. Wameshaijua mbele na nyuma. Wanajua panda atachekesha wapi, kobe ataaga lini, na yule mwalimu mfupi mwenye masikio makubwa atakasirikia nini. Chui anapodundwa mwishoni kibanda kizima hupiga makofi, na aliye kitini huambiwa atulie asije akakatwa sikio.

Mimi humtazama chui. Nimefika umri ambao mtu akionyeshwa mwalimu mwenye hekima hataki tena kusikia alivyosema. Anataka kujua hekima hiyo aliipata kwa kumkosea nani.

Tai Lung, ndiye chui huyo, aliachwa mlangoni pa Jumba la Jade akiwa mchanga. Shifu, yule mwalimu mfupi, akamwokota, akamlea, akamfundisha. Anayelisimulia jambo hili katika filamu ni Tigress, mwanafunzi mwingine, na kwa anavyolisimulia unaona kidonda hakijapona: kwamba Shifu alimpenda yule chui kwa mapenzi ambayo hakuwahi kumpa mtu kabla yake wala baada yake. Alimwambia kwamba amezaliwa kwa ajili ya ukuu. Mtoto akaamini, na mtoto gani asingeamini? Siku ya kukabidhiwa Hati ya Joka ilipofika, Oogway, yule kobe mkongwe, akamwangalia ndani na kukataa. Shifu akanyamaza. Tai Lung akashuka bondeni akaharibu kila alichokikuta, kisha akarudi kuichukua hati kwa nguvu, na mwalimu wake, aliyeruka kumzuia, akashindwa kumpiga mtoto aliyemlea kwa mikono yake. Kobe ndiye aliyemmaliza. Baada ya hapo ni gereza la Chorh-Gom, minyororo, na miaka 20 chini ya ardhi.

Haya yote huchukua dakika chache katika filamu ya saa moja na nusu. Watoto huzitumia dakika hizo kuomba pesa za barafu ya ukwaju.

Halafu yupo Tigress mwenyewe. Shifu, akiwa ameungua kwa yule wa kwanza, aliapa moyoni kutopenda tena, na aliyelipa kiapo hicho ni binti ambaye hakuwa amekosa lolote. Anaamka mapema kuliko wenzake, hakosei pigo, na tuzo yake ni kuambiwa kilichobaki. Ukimtazama kwa makini, siku kobe alipomchagua yule panda muuza tambi badala yake, uso wake hauonyeshi wivu. Unaonyesha mtu aliyekuwa akingoja kitu kimoja maisha yake yote na ameona kikipita mbele yake kwenda kwa mgeni.

Panda ndiye kitinda mimba. Kwanza Shifu anajaribu kumtesa akimbie. Anaposhindwa, anamkuta jikoni amepanda kabati, miguu ameitanua hewani kwa namna ambayo wanafunzi wengine walihitaji miaka kuifikia, na hajui amefanya nini kwa sababu mawazo yake yote yapo kwenye biskuti. Hapo mzee anaelewa. Anamfundisha kwa chakula, mpaka siku ile wanapopigania kijisambusa cha mwisho cha mvuke kwa vijiti, panda anashinda, kisha anakirudisha na kusema hana njaa. Ni ufundishaji mzuri kabisa, na wenye vyuo vya ualimu wangeweza kuuonyesha darasani. Lakini Shifu hakuuokota barabarani. Alijifunza kwamba mtoto huanzwa pale alipo baada ya kumwanza mmoja pale alipotaka yeye, na wa pili kutotaka kumwanza kabisa. Hekima tunayoipigia makofi ililipiwa zamani, na aliyeilipia hayumo kwenye bango la filamu isipokuwa kama adui.

Methali ya kumhukumu Shifu tunayo tayari: mchelea mwana kulia hulia yeye. Tatizo ni kwamba kwetu methali hii hutumiwa na mzazi mgeni kama leseni. Bibi huisema, jirani huisema, maalimu wa chuoni huisema, na mtoto wa kwanza analelewa na watu wazima wanaoogopa kucheka naye. Akifika wa nne au wa tano, mzee ameshapoa. Fimbo iko juu ya kabati na hakuna anayekumbuka kuishusha. Ndugu wa kwanza, aliyeambiwa akirudi na alama mbovu asirudi kabisa, anamwona mdogo wake akionyesha ripoti mbaya kuliko ile yake na kununuliwa soda.

Nazungumza nikiwa upande wa walionufaika. Mimi ni kitinda mimba. Baba alimfunza kaka yangu kuogelea kwa kumsukuma majini, kule chini ambako mkondo unapita kuelekea Tudor, maji yakiwa yamejaa. Kaka alimeza maji, akapapatika, akatoka, akasukumwa tena. Ndivyo baba mwenyewe alivyofunzwa. Ilipofika zamu yangu miaka mingi baadaye, mzee aliingia majini na kikoi chake, akanilaza juu ya kiganja, akaniambia nitupe miguu, na hakuondoa mkono mpaka nilipomwomba auondoe. Kaka alikuwa amesimama kwenye mchanga, ameshaota ndevu. Akapaza sauti, nusu mzaha:

"Baba, mbona mie hukunishika?"

Baba akamwambia aangalie viatu vyetu visichukuliwe na maji.

Sijui jibu gani lingemfaa. Lakini tangu hapo, kila nikiona katuni yenye mzee wa ndevu nyeupe anayemshika kijana mkono kwa upole, mawazo yangu huenda kwa aliyesimama pembeni akilinda viatu.

Nyuma ya vibanda vya mitumba pale sokoni kuna fundi cherehani ninayempelekea suruali za kupunguzwa kiuno. Ana kijana anayejifunza kwake. Siku moja nilikaa kwenye kibao nikingoja na kumwona kijana akishona mkanda kombo. Fundi aliuchukua, akaupindua, akaonyesha kwa ncha ya mkasi pale uzi ulipoanza kukimbia, akamrudishia afumue. Kijana akashona tena kombo. Fundi akamrudishia tena, akasema ukucha wa kidole gumba ndio uende mbele ya sindano, macho yafuate ukucha, yasifuate sindano. Hakupandisha sauti. Mama muuza mashuka wa jirani, anayemjua tangu zamani, akanicheka nilipomsifu. Akaniambia mwanafunzi wa kwanza wa fundi huyu alikuwa akipigwa rula ya mbao kwenye vidole, upande wa ukingo, na sasa ana duka lake mji mwingine, duka kubwa, na hapiti hapa hata Idi. Fundi alisikia. Akaendelea kukanyaga pedali.

Nikirudi kwenye vitabu vya michoro na katuni, kumpata mwalimu ambaye hakumharibu mtu kwanza ni kazi. Stick, mzee kipofu aliyeundwa na Frank Miller mwaka 1981 katika Daredevil, alimfundisha kijana kipofu kuona kwa masikio. Huyohuyo ndiye aliyemkataa Elektra kwa sababu moyo wake ulikuwa na machungu mengi, na Elektra akaenda kwa wauaji waliompokea na machungu yake. Katika Drunken Master ya mwaka 1978, ile ya Jackie Chan kijana, mwalimu Beggar So amekwisha kupata sifa mjini kwa kuwalemaza wanafunzi wake. Kijana anatoroka aliposikia tu jina. Sisi tunacheka, naye anarudishwa, anafunzwa, anashinda. Waliolemazwa hawaonyeshwi hata kwa mbali. Hata Mister Miyagi wa The Karate Kid, mpole kuliko wote, ana chumba kimoja ambacho kijana wake anakifungua kwa bahati: usiku ule mzee amelewa, amevaa sare yake ya kijeshi, anamlilia mke na mtoto mchanga waliokufa wakati wa kujifungua ndani ya kambi ya Manzanar ilhali yeye yuko vitani akiipigania nchi iliyowafungia humo. Kwake hakukuwa na mwanafunzi aliyeharibika. Kulikuwa na mtoto ambaye hakupata kumfundisha chochote.

Splinter, yule panya mwalimu wa kasa wanne, nampenda kwa sababu nyingine, kwamba aliyeharibika kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Kevin Eastman na Peter Laird walipochapisha toleo la kwanza la kasa wao mwaka 1984, kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, walikuwa wakimtania Miller na Daredevil yake. Panya wa toleo lile si babu mpole. Bwana wake, Hamato Yoshi, aliuawa na Oroku Saki. Panya akawalea kasa wanne kwenye mitaro ya maji machafu, akawafundisha kupigana, na walipokomaa akawaeleza kazi aliyowalelea: kumuua Saki. Watoto wakaenda wakafanya walichotumwa. Televisheni ilipomchukua mwaka 1987 alipewa utu mwingine kabisa. Sasa yeye mwenyewe ndiye Yoshi aliyegeuka panya, ana subira, anakemea hasira, anawafundisha vijana wake kujizuia. Mabadiliko hayo yalikuwa ya kibiashara, bila shaka. Mzee anayelea watoto kwa ajili ya kisasi hauziki kwenye duka la vichezeo. Hata hivyo naona biashara iligusa ukweli bila kukusudia. Kizazi changu kinamjua Splinter wa pili na kumwita mwalimu. Wa kwanza amebaki kwenye makaratasi ya wakusanyaji.

Katika vibanda vya video sheria ya kwanza ya sinema ni kwamba staringi hafi. Ya pili haitamkwi lakini kila mtoto anaijua: mwalimu wa staringi ndiye hufa, na hufa katikati, ili staringi apate sababu. DJ Afro, ambaye ameisimulia upya nusu ya Hong Kong kwa Kiswahili na Sheng, humtendea mzee huyo kwa heshima ya pekee. Wapiganaji wakirukiana husema haraka, anachekesha, anatukana kidogo; mzee akiketi chini na kuanza kutikisa kidole, msimulizi naye hushuka, hupunguza mwendo, na maneno yanayotoka ni ya babu yeyote wa Kenya aliyeketi nje ya nyumba yake jioni. Lufufu alifanya kazi hiyohiyo Tanzania kabla yake. Nadhani wasimulizi wanampenda mzee kwa sababu ya kazi: Mchina anasema sentensi mbili polepole, na hapo msimulizi amepata nafasi ya kutia hotuba. Kwa hiyo mwalimu wa kung fu tuliyekua naye sisi si wa Shaolin peke yake. Nusu yake ni mzee wetu, aliyetiwa mdomoni mwa mgeni.

Ajabu ni kwamba katuni tulizochora wenyewe hazina mzee wa namna hii. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo, ni mtu mzima ambaye kazi yake ni kukosea. Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010, inaongozwa na DJ Boyie, kijana anayerusha redio ya siri, na humo vijana wanaelekezana wenyewe kwa wenyewe. Sisi tunaoamka na shikamoo mdomoni, tukishika kalamu tunamfanya mzee kituko au tunamwacha nyumbani. Hekima yake tunaiagiza kutoka Uchina na Japani pamoja na ndoo za plastiki. Wala si kwamba hatuna mchezo wa kuchora. Kirumbizi kipo. Wanaume wawili na bakora zao, duara la watu, ngoma na zumari, na mzee wa miaka sitini akiingia uwanjani hamfukuzi kijana. Anamngoja, anamwachia arushe, kisha bakora yake inatua pale kijana alipopaacha wazi na kila mtu anapaona. Hasemi neno. Labda ndiyo maana hachoreki: mzee wa katuni lazima aseme.

Lipo jambo jingine ambalo mzee wa katuni hulifanya na ambalo mimi nimelichoka. Ni kazi za kutumwa. Kijana anafika anataka kupigana. Anaambiwa apake magari nta, apige msasa sakafu, apake ua rangi. Analalamika. Siku moja mzee anarusha ngumi, mkono wa kijana unainuka wenyewe, na kumbe ile nta ilikuwa karate tangu mwanzo. Katika The 36th Chamber of Shaolin, ya mwaka 1978 pia, ni ndoo za maji zinazobebwa mikono ikiwa imenyooshwa. Hakuna jasho linalomwagika bure katika hadithi hizi. Kila ulichotumwa kilikuwa somo.

Waulize waliojifunza ufundi huku bara ya Mombasa, kwenye gereji za Changamwe au karakana za Kisauni. Mwaka mzima wa kwanza walitumwa chai na mahamri. Aliyetumwa chai alijifunza njia ya kwenda kwenye chai. Wapo waliotumia mwaka huo kutazama mikono ya fundi na kuiba ujuzi kwa macho, na hao ndio tunaowaona leo na kusema mfumo ulifaa. Walioacha baada ya miezi sita wanaendesha boda na hawaulizwi. Chuoni zamani watoto walimtekea maalimu maji na kumletea kuni, na wengi wao wakiwa wazee wanaikumbuka kazi ile kama baraka, sawa. Lakini baraka haikuwafundisha kusoma. Mwalimu mvivu na mwalimu mwenye siri kubwa huagiza kazi zilezile, na kijana aliyezitazama sinema hizi anaweza kuvumilia miaka akingoja siku ngumi itakaporushwa. Pale sokoni sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na hamali yeyote atakwambia sheria haijawahi kubeba gunia. Mahamali wazee humwonyesha mgeni namna ya kulipokea kwa bega na kusimama kwa miguu badala ya mgongo. Wanaonyesha vizuri sana. Migongo iliyowafundisha somo hilo unaiona wanapoinuka kutoka kwenye benchi.

Nisionekane namchukia kila mkongwe. Kilomita chache kaskazini mwa Kongowea, ukifuata barabara ya Malindi, iko Haller Park ya Bamburi, machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller alianza kuyarudishia uhai mwaka 1971 kwa kupanda miti mahali palipokuwa mwamba mtupu. Huko ndiko alikoletwa, siku za mwisho za Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya mawimbi ya tsunami. Walimwita Owen. Alipofunguliwa alikimbilia moja kwa moja kwa kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, jina lake Mzee. Mzee alitoa sauti ya kufoka na kujivuta kwenda zake. Owen akamfuata. Kobe akaondoka tena, kiboko akamfuata tena. Siku zilivyopita wakawa wanalala pamoja, wanaingia bwawani pamoja, na yatima aliyekuwa hajui ale nini bila mama yake akaanza kula kwa kumwangalia kobe anavyokula. Dunia nzima ilizisoma habari zao, na mwaka 2006 kikatoka kitabu cha watoto. Kung Fu Panda ilipotoka miaka miwili baadaye, mtu angeweza kudhani wachoraji wa Marekani walipita Bamburi: kobe mkongwe, mwanafunzi mnene asiyetakiwa. Ila Mzee hakuwa na hati wala unabii. Hakumwambia Owen amezaliwa kwa ajili ya jambo lolote. Alichoka kukimbia, basi, na kiboko akapata mahali pa kuegemea kichwa.

Nani basi humrudia yule wa kwanza? Wamarekani wamejaribu kwa njia yao. Mfululizo wa Cobra Kai, ulioanza mwaka 2018, ulimchukua Johnny Lawrence, yule kijana mbaya wa The Karate Kid aliyepigwa teke la uso mwaka 1984, na kumwonyesha akiwa mtu mzima aliyechoka ambaye mwalimu wake alimfundisha kutohurumia na hakumfundisha kingine. Sasa yeye ndiye anayefungua darasa, na somo analolijua ni lilelile lililomvunja. Anakosea, anasahihisha, anakosea upya. Kung Fu Panda yenyewe ilimrudisha Tai Lung mwaka 2024, katika filamu ya nne, na mwishoni akamwinamia panda kumkubali. Nilikaa mpaka majina ya watengenezaji yakaanza kupanda nikingoja Shifu na yeye waambiane jambo. Kumbe la maana walikwisha kuambiana zamani, katika filamu ile ya kwanza, wakiwa wanapigana: chui anapaza sauti kuuliza ni nani aliyemjaza ndoto hizi kichwani, na mzee, akiwa chini, anakiri kwamba alijivunia sana, kwamba fahari ndiyo iliyompofusha asione anachomgeuza, na kwamba anajuta. Kwa muda mfupi sana uso wa chui unalegea. Kisha anakumbuka miaka 20, na mkono unarudi shingoni mwa mwalimu. Wachoraji walioupaka uso huo rangi walijua wanachokifanya. Radhi ilikuja, ila ilikuja wakati mwenye kuiomba hana pengine pa kukimbilia.

Kaka yangu sasa anakaa Changamwe na ana watoto watatu. Hakuna hata mmoja aliyemsukuma majini, na hakuna hata mmoja aliyemshika tumbo. Amewalipia mwalimu wa kuogelea, kijana mwenye filimbi shingoni. Nilipomuuliza kwa nini asiwafunze mwenyewe, naye anaogelea kuliko mimi, alisema hajui yeye angekuwa mwalimu wa aina gani na hataki kumjaribia mtu.

Masashi Kishimoto ndiye aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi, katika Naruto, iliyochapishwa Japani kuanzia mwaka 1999 hadi 2014 na ambayo vijana wa Kongowea huitazama kwenye simu ikiwa imeegemezwa kwenye chochote kilicho mbele yao. Jiraiya, mzee mcheshi mwenye tabia za aibu, alikuwa na wanafunzi kabla ya kijana Naruto mwenyewe. Wa kwanza walikuwa yatima watatu wa vita aliowakuta kwenye nchi ya mvua. Mwenzake alipendekeza wauawe, iwe huruma. Jiraiya akabaki nao, akawafundisha kujilinda, kisha akaona inatosha akaondoka zake. Mmoja wao, Nagato, alikuwa mtoto mwenye moyo laini kupita kiasi. Akampoteza rafiki yake, akaona amani ya mwalimu wake haiji, akatengeneza amani yake mwenyewe, ya kuwafanya watu wote waonje uchungu. Ni yeye aliyemuua Jiraiya. Ni yeye aliyeiangusha Konoha, kijiji cha Naruto, ikawa shimo.

Naruto anamfuata mpaka alipojificha, na anaingia peke yake. Anamkuta mtu aliyekonda, amefungwa kwenye mitambo, amechakaa kabla ya umri. Anasema wazi kwamba anatamani kumuua. Kisha anaketi na kumwomba amsimulie, kuanzia mwanzo, yale yaliyomfikisha hapo. Nagato anasimulia: wazazi, njaa, mvua, yule mzee aliyewapa chakula na kuondoka. Katika mazungumzo hayo kinatajwa kitabu ambacho Jiraiya alikiandika ujanani kikakosa wasomaji, chenye shujaa aliyekataa kukata tamaa. Maneno ya shujaa huyo kuhusu amani yalitokana na maneno ya Nagato alipokuwa mtoto, na jina la shujaa ndilo wazazi wa Naruto walilompa mtoto wao waliposoma kitabu. Mwanafunzi wa mwisho alikuwa ametembea maisha yake yote na jina lililochipuka kutoka kwa yule wa kwanza, na hakuna aliyekuwa amewakutanisha.

Hakuna ngumi inayorushwa katika sehemu hiyo. Mashabiki wengi mpaka leo huikejeli, husema Naruto alishinda kwa mdomo, na kwenye simu huipitisha mbele kwa kidole. Mimi ningemwongezea Kishimoto kurasa.